Kodi Twatoa Sote. Na Neno ni la Nani?

Kuna neno moja ambalo kila asimamaye jukwaani hulitaja, na kila alisikiaye hulipigia makofi, nalo ni neno "mali ya umma". Lakini ukimwendea mmoja katika hao waliopiga makofi ukamwuliza, "Mali hiyo ni yako wewe?" atacheka, na atakujibu kuwa ni mali ya serikali. Katika jibu hilo dogo ndimo yalimo maradhi ninayotaka kuyazungumza leo. Kwani mtu hawezi kudai hesabu ya kitu ambacho moyoni mwake amekwisha kukipa mtu mwengine. Basi swali letu ni hili: mwenye kutoa kodi ana haki ya kusema itumike wapi, au kazi yake ni kutoa na kunyamaza?

Kwanza tumjue huyo atoaye. Wengi wetu hapa pwani hudhani kuwa mtoaji kodi ni yule mwenye mshahara wa ofisini, ambaye hukatwa kabla hajauona mwezi. Si kweli. Hapa Kenya kodi ile iitwayo VAT ni asilimia 16. Bibi mwenye kupika mahamri akinunua mafuta ya shilingi 1,160, basi shilingi 1,000 ndiyo bei ya mafuta, na 160 ni za serikali. Na bibi huyo hajapata kuiona ofisi ya kodi wala haijui iko mtaa gani. Akinunua sabuni, amelipa. Akitia salio katika simu ili azungumze na mwanawe aliyeko Jeddah, amelipa. Kisha akienda sokoni na beseni lake hutozwa ushuru wa kaunti, na asipokuwa na risiti beseni huchukuliwa. Hata mwombaji wa mlangoni pa msikiti, ile shilingi aliyopewa akenda nayo dukani, imetozwa. Kwa hivyo tukisema "watoaji kodi" tunasema watu wote, wala asitokee mwenye mshahara akadhani kuwa yeye peke yake ndiye mwenye nchi.

Na kodi yenyewe ni kitu gani? Wako wasemao kuwa ni bei: serikali inauza barabara na askari na dawa, nasi twanunua. Rai hii yapendeza kuisikia lakini ina uharibifu ndani yake, kwani ikiwa kodi ni bei, basi aliyelipa zaidi amenunua zaidi, na maskini aliyelipa kidogo akifika hospitali ni haki aambiwe kuwa kwa pesa zake amenunua nusu ya kitanda. Hapana mwenye insafu atakayelikubali hilo.

Wako wengine waionao kodi kuwa ni nguvu tu, mwenye bunduki ametaka na asiye na bunduki ametoa. Wazee wetu hawakuwa na kosa kuiona hivyo. Kodi ya nyumba iliwekwa na Waingereza katika nchi hii mwaka 1901, ikatakiwa kwa rupia, na asiyekuwa na rupia ilimbidi aliache shamba lake akaitafute kwa kumfanyia kazi mtu mwengine. Lakini Mwafrika wa kwanza kukalia kiti katika Baraza la Kutunga Sheria, naye ni Eliud Mathu, alikikalia mwaka 1944. Hesabuni wenyewe: miaka arubaini na zaidi mtu atoa, na ulimi hana. Watu wakilelewa hivyo vizazi viwili, huzoea. Huiona kodi kuwa ni kitu cha kukimbiwa, na mwenye kuila humwona ni hodari, wala hawamwoni kuwa ni mwizi, kwa sababu aliyeibiwa hawamjui. Waingereza walikwenda zao mwaka 1963, na mazoea hayo wakatuachia.

Mimi naona kodi ni amana, na mwenye kuishika ni wakili. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili kutoka mbali, kwani tuna wakfu. Kila mji wetu, kuanzia Lamu hata Vanga, una shamba la minazi au nyumba au kisima kilichowekwa wakfu, na kina mutawalli. Mutawalli akiuza nazi, na watu wa msikiti wakamwuliza zilikuwa ngapi na zimeuzwa kwa kiasi gani, hawezi kuwajibu, "Nyinyi ni nani hata mkaniuliza?" Na akitaka kukigeuza kisima kuwa duka, hata kama duka lina faida zaidi, hawezi, kwa kuwa mwekaji aliweka sharti yake. Sisemi kuwa mawalii wetu wote wamekuwa wema. Habari zao mwazijua. Nasema kuwa hata yule aliyekhini alijua kuwa amekhini, na watu walijua.

Ila iko tofauti moja kubwa. Mwenye kuweka wakfu alisema sharti yake mara moja, kisha akafa, na sisi twaifuata. Kodi haina mwekaji aliyekufa. Mwekaji wake yu hai, na kila asubuhi aweka tena, pale dukani kwa mafuta na sabuni. Basi sharti zake hazipatikani katika karatasi ya zamani. Hazina budi kuulizwa kwake, na kuulizwa tena mwaka ujao, kwani haja za mwaka huu si haja za mwaka ule. Hapa ndipo ninaposema kuwa kumwuliza raia si hisani anayofanyiwa. Wakili asiyemwuliza mwenye mali amekwisha kuacha uwakili, hata kama hakuiba senti.

Haya, tumekubali kuwa aulizwe. Aulizwe vipi? Hapa watu wamegawanyika njia mbili, na inafaa tuzitazame kwa makini, maana moja katika hizo inavutia sana macho.

Njia ya kwanza ni kila mtu aiongoze shilingi yake mwenyewe. Italia wanayo, tena kwa namna mbili tafauti, na tafauti hiyo ni mafunzo makubwa. Kwa sheria ya mwaka 1985, iliyoanza kutumika mwaka 1990, sehemu 8 katika kila 1,000 za kodi ya mapato hutengwa, na mlipaji hutia sahihi kuchagua iende serikalini kwa kazi za jamii au kwa dini mojawapo katika zilizopatana na serikali. Sahihi huhesabiwa moja moja. Ya tajiri na ya mfagiaji zina uzito mmoja. Na wale wasiotia sahihi, nao ni wengi, sehemu yao hugawanywa kwa kufuata walivyochagua wenye kutia. Kwa hivyo aliyenyamaza amesemewa. (Waislamu wa Italia hawana mapatano hayo, basi katika orodha hawamo, ingawa kodi hulipa kama wengine.) Kisha tangu mwaka 2006 ikaja nyengine, ya sehemu 5 katika 1,000, ya kuzipa jumuiya za hisani na utafiti na mfano wa hizo, na hii hufuata pesa: kila mtu huongoza sehemu ya kodi yake mwenyewe, hata mwenye mali nyingi sahihi yake ikawa nzito kuliko sahihi za mtaa mzima wa maskini.

Mambo haya mawili yako katika karatasi moja ya kodi, na mtu asiyetazama vizuri ataona ni kitu kimoja. Lakini la kwanza lamwuliza mtu kwa kuwa ni mtu, na la pili lamwuliza mtu kwa kadiri ya mfuko wake. Sadaka yangu niitoe nitakako, hilo sawa, ni khiari yangu. Kodi siyo sadaka. Tukiachia kila mtu aiongoze kodi yake yote, nani ataongoza yake kwenye chakula cha wafungwa? Nani atachagua chumba cha maiti, au wodi ya wenye maradhi ya akili, au bomba la maji machafu lipitalo chini ya ardhi asikolisifu mtu? Watu watachagua vinavyopendeza na vilivyo karibu nao, na wenye pesa watakaa mahali pamoja na barabara nzuri.

Tazameni zaka. Sisemi kodi ni zaka, wala asijidanganye mtu kuwa kwa kulipa kodi amekwisha kutoa zaka yake. Hizo ni faradhi mbali. Lakini mafunzo yamo. Mafungu ya kupewa zaka ni manane, yametajwa katika Surat Tawba, na mwenye kutoa hana ruhusa ya kuongeza la tisa kwa kuwa yeye ndiye mwenye pesa. Mali ikishatoka katika milki yako kwa wajibu, haki yako ndani yake ni kuona kuwa imefika. Siyo kujifanya mfalme wake.

Njia ya pili ni watu kukaa pamoja na kusema pamoja. Mji uliojulikana kwa jambo hili ni Porto Alegre, kusini mwa Brazili, mji wenye watu zaidi ya milioni moja. Mwaka 1989, nchi yao ikiwa imetoka karibu katika utawala wa kijeshi, meya mpya Olívio Dutra na chama chake cha wafanyakazi waliugawa mji katika mitaa mikubwa 16, na kila mwaka watu wa kila mtaa wakawa wanaitwa mkutanoni. Na jambo la kwanza katika mkutano halikuwa "mwataka nini?" bali ni hesabu ya mwaka uliopita: mliahidiwa hiki, kimefanywa, kile hakikufanywa kwa sababu hii. Ndipo watu wakapanga haja zao kwa utangulizi, mifereji kwanza au lami kwanza au nyumba, wakachagua wajumbe wa kuwasimamia katika baraza la mji. Ugawaji ukafuata mizani iliyojulikana na wote: mtaa una watu wangapi, una upungufu kiasi gani, na wenyewe wametanguliza nini. Mtaa wenye dhiki zaidi ulipata alama zaidi. Waliohudhuria kwa wingi walikuwa ni maskini, na wanawake hawakukosa. Maji na mifereji ilifika vilimani kwa watu ambao kabla ya hapo walikuwa wakionekana wakati wa kura tu. Miji mingi duniani imeiga baadaye, hata New York mwaka 2011 na Paris mwaka 2014.

Lakini sitaki kuwapambia. Mwaka 2017 utaratibu huo ulisimamishwa huko huko Porto Alegre. Haukuwa umefungwa kwa sheria madhubuti. Ulisimama juu ya nia ya waliotawala, na nia ikibadilika, kitu nacho huondoka.

Atasema msemaji: raia wa kawaida ajua nini katika mambo ya hesabu na uhandisi? Waachiwe wenye elimu. Jawabu lake twaliona pwani, pale jahazi linapoundwa. Mwenye chombo hashiki tezo. Hamfundishi fundi mti gani unafaa kwa mkuku na upi kwa mataruma, na akijaribu kumfundisha chombo kitavuja. Lakini ni yeye asemaye chombo kitachukua boriti au samaki, kitakwenda Pemba au kitaishia Kilifi, na ni yeye amwulizaye fundi mbao zilizoletwa zilikuwa ngapi na zilizobaki ziko wapi. Na fundi mwema hachukizwi na swali hilo. Anayechukizwa, mwenye chombo na ahesabu mbao zake mara ya pili.

Hata hivyo, neno la walio wengi nalo lina mpaka, na mpaka huu ndio ulionishughulisha zaidi katika kuandika makala haya. Watu wa mtaa wakikutana, aliyehudhuria ndiye asemaye. Asiyehudhuria nani atamsemea? Imamu Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, katika kitabu cha Kharaji alichomwandikia Khalifa Harun Rashid, ametaja kisa cha ardhi ya Iraq. Ilipofunguliwa ardhi ile yenye rutuba baina ya mito, askari walitaka wagawiwe. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) hakuafikiana nao; aliona wakigawiwa waliopo, watakaokuja baada yao hawatakuta kitu, wala haitapatikana mali ya kuwalisha wajane na mayatima na kulinda mipaka. Abdurrahman bin Auf alimpinga, na Bilal na wenzake wakamkazania sana. Akawashauri Muhajirina, wakakhitilafiana. Ndipo akawaita watu kumi wa Ansari, watano katika Ausi na watano katika Khazraji, akawaeleza hoja yake na hoja ya wanaompinga, wakaafikiana naye. Ardhi ikabaki mikononi mwa wenye kuilima, na juu yake ikawekwa kharaji kwa ajili ya wote.

Tazameni mambo yalivyokwenda. Khalifa alikuwa na jeshi na heba ya kutosha kuamrisha, asiamrishe. Waliompinga hawakufungwa midomo. Hoja ilitolewa hadharani. Na juu ya yote, katika kikao kile alikuweko mtu mmoja asiyeonekana, naye ni yule ambaye hajazaliwa, na Khalifa ndiye aliyemsemea. Leo mtu huyo twamkalia kichwani. Serikali ikikopa mkopo wa miaka thelathini, atakayeulipa ni mtoto ambaye sasa yuko chuoni ashika alifu kwa kijiti, na hakuna mkutano ulioitwa ukamweka katika daftari la waliohudhuria. Basi watu wakiulizwa, waulizwe pia habari ya madeni: kiasi gani, kwa riba gani, na kitu gani kitakuwa kimebaki siku ya kumaliza kulipa.

Sasa turudi kwetu, kwani maneno ya Brazili na Italia hayatatuchimbia kisima. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 201, imesema wazi kuwa mambo ya fedha za umma yawe na uwazi na hesabu, na wananchi washirikishwe. Sheria ya fedha ya mwaka 2012 ikaweka na tarehe. Mpango wa kaunti wa mwaka hupelekwa katika baraza la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba; mwelekeo wa matumizi kabla ya tarehe 28 Februari; makadirio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili; na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa karatasi, tumewashinda watu wa Porto Alegre, maana wao walitegemea nia ya meya, na sisi tuna katiba.

Na kwa vitendo? Nimehudhuria kikao kimoja cha wadi, sitaitaja ni wapi. Tangazo lilikuwa kwa Kiingereza, katika gazeti. Kikao kiliwekwa saa nne asubuhi siku ya kazi, saa ambayo mvuvi yuko mnadani na mama yuko jikoni. Tuliulizwa twataka nini, na kwa muda wa saa mbili watu wakataja: kisima, taa, zahanati, basari za watoto, ukuta wa makaburi. Kila kilichotajwa kiliandikwa. Hakuna aliyetuambia pesa za wadi ni kiasi gani. Kisha tukatia sahihi zetu katika daftari, tukapewa soda na nauli, tukaondoka. Nilipofika nyumbani ndipo nilipofahamu kuwa kitu kilichotakiwa pale kilikuwa ni zile sahihi. Kumwuliza mtu atakacho bila ya kumwambia kilichoko ni kumfanya mtoto mchanga. Lau tungaliambiwa, tuseme, ziko milioni kumi, na zahanati itakula saba, na kisima kitakula tatu, na ukuta nne, basi tungalishindana, tungalikasirikiana kidogo, na mwisho tungalichagua kama watu wazima. Kaunti ya Makueni imesifiwa kwa kuanza mikutano yake vijijini kabisa na kuwapa wanakijiji kamati za kuisimamia miradi. Haikuwa na bahari wala bandari, basi hatuna udhuru.

Mwaka 2024 tumeona jambo hili lilivyo zito. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulitaka kodi nyingi, hata juu ya mkate. Maoni yalichukuliwa na kamati ya Bunge, baadhi ya kodi zikaondolewa, ile ya mkate mojawapo, lakini mswada ukapitishwa tarehe 25 Juni huku vijana wamejaa mabarabarani. Wakaingia Bungeni, risasi zikapigwa, watoto wa watu wakafa. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Mwezi uliofuata, tarehe 31 Julai, Mahakama ya Rufani ikaibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, na katika sababu zake ni kuwa watu waliulizwa, lakini hawakuelezwa kwa nini maneno yao yamekataliwa. Tarehe 29 Oktoba Mahakama ya Juu ikaitangua hukumu hiyo, na sheria ikabaki. Mimi si mwanasheria, na hukumu ya mwisho ndiyo hukumu. Ila katika adabu zetu, mtu akikutaka shauri kisha akafanya kinyume, atakwambia sababu yake. Asipokwambia, alikuwa hakutaki shauri. Alitaka uonekane ulikuweko.

Nasi tuna yetu ya kuulizwa. Watu wale wale wajazao uwanja kumpokea mgombea, siku ya makadirio hawaonekani. Tukiwa na harusi twapeana habari mpaka mtaa wa saba. Tarehe 30 Aprili hupita kama haikuweko. Na wanawake, ambao ndio wajuao ndoo ngapi huchotwa na kutoka wapi, huwekwa nyuma ya mlango wasikie. Nani atasema habari ya maji kuliko mwenye kuyabeba?

Katika sheria hiyo ya 2012, kifungu cha 137, kila kaunti yatakiwa iwe na baraza la makadirio na uchumi, akae gavana na mawaziri wake, na pamoja nao wawakilishi wasio wa serikali, wenye idadi sawa na ya mawaziri hao: wa wafanyabiashara, wa wafanyakazi, wa wanawake, wa wazee, wa walemavu, na wa jumuiya za dini. Kiti cha dini kimo, kimeandikwa. Nimewauliza maimamu kadhaa ni nani anayekikalia katika kaunti zao, na mpaka naandika haya hakuna aliyeniambia jina.